Safari ya Uvira: volani ilipokuwa nzito mbele ya Ngomo



Tangu turudi kutoka Uvira, wengi wametuuliza sokoni, kwenye mlango wa masomo na hata kwenye kilio: gari la shirika limefikia wapi? Maswali ni mengi, na majibu yanayotembea mjini ni mengi zaidi. Kuna waliosikia kwamba gari lilianguka Ngomo. Halikuanguka. Kuna waliosikia kwamba pesa za wamama zimekwenda na maji. Hazikwenda. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana juma hili tunawaandikia safari nzima, toka Bukavu mpaka Uvira, tusifiche kitu, hata pale ambapo sisi wenyewe tulikosea.

Gari jipya ambalo si jipya

Mnakumbuka tulipoanzia. Wamama 42, dola 1 kila juma, kwa muda wa miaka 3. Halikuwa likelemba la kupeana kwa zamu, lilikuwa sanduku moja ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kuna aliyeuza sambaza zake mapema ili apate ile dola. Kuna aliyekosa majuma mawili, akaja kulipa yote matatu kwa pamoja huku amevaa kitenge kile kile. Tulipofikisha dola elfu 6 na kidogo, tukanunua minibisi ndogo.

Tunaliita gari jipya, na kwetu ni jipya kweli. Lakini gari hilo limetoka Japani, likatumika huko miaka mingi, likapanda meli, likapita bandari na mipaka, ndipo likafika kwetu likiwa limeoshwa na kung'aa. Volani yake iko kuume, na sisi huku tunapita kuume mwa balabala. Kwa hiyo anayekaa kushoto mbele ndiye macho ya shofere: yeye ndiye anayesema kama kuna gari linakuja au hapana.

Muuzaji alituambia: “Wamama, hii gari haina ugonjwa. Tieni mafuta, muende.” Tuliwasha, tulizunguka parsele mara mbili, tulipiga honi, tukapiga vigelegele. Hakuna aliyefungua kapo. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na tunaliandika hapa juu ili lisipotee katikati ya hadithi.

Kutoka Bukavu

Safari ya kwanza ilikuwa ya Uvira. Dada zetu wa huko walitualika, na sisi tulitaka kuleta ndagala na mikebuka kwa bei ya ziwani. Tulikuwa wamama saba na mtoto mmoja wa kunyonya. Tulibeba mifuko mitatu ya maharage, viazi, na sabuni tuliyotengeneza wenyewe. Mama Kesiye alikuwa na pesa za samaki amezifunga kiunoni. Mama mkubwa wetu, ambaye nywele zake ni nyeupe zote, alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza aliyezaliwa Uvira majuma mawili mbele. Na kwenye volani alikaa Mama Shofere, dada yetu aliyejifunza kuendesha na kupata karatasi zake zote.

Ni likizo kubwa, mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Tuliondoka saa moja asubuhi, ziwa bado lina ukungu. Watu wengi wanaokwenda Uvira huvuka Ruzizi, wakapita lami ya Rwanda hadi Bugarama, wakaingia tena Kongo pale Kamanyola. Ni njia laini, lakini inadai karatasi za mpaka kwa gari na kwa kila mtu, na karatasi za gari letu zilikuwa hazijaisha. Basi tukachagua njia yetu ya nyumbani, ile ya Nyangezi na Ngomo.

Tulipita Panzi, tukauacha mji nyuma. Mashamba ya migomba, nyumba za udongo mwekundu, watoto wenye bidoni za njano wakipandisha maji. Vumbi liliingia hata mahali ambapo madirisha yamefungwa. Tuliimba. Katikati ya wimbo, Mama Shofere alisema: “Nyamazeni kidogo.”

Tukanyamaza. Kila alipokata kona, mbele kwenye injini kulikuwa na sauti ya kulia, nyembamba, kama ndama anayetafuta mama yake. Akinyoosha volani, sauti inapungua. Akikata tena, inalia.

“Ni gari ya Japani, inalia Kijapani,” mmoja wetu akasema, na sote tukacheka. Mama Shofere hakucheka.

Nyangezi

Tulipofika Nyangezi, lori lilikuwa limesimama katikati ya njia likishusha mifuko. Ilibidi tulizunguke polepole. Hapo ndipo tulipomwona Mama Shofere akisimama karibu wima kwenye kiti, mikono miwili juu ya volani, akivuta kama mtu anayevuta ndoo kutoka shimoni. Gari lilikata kona, lakini kidogo. Magurudumu yalikosa kibanda cha muuza ndizi kwa upana wa mkono. Akalisogeza pembeni, akazima, akaweka paji la uso juu ya volani.

“Volani imekufa?” Mama Kesiye akauliza.

“Haijakufa. Imekuwa nzito. Direksio imetuacha.”

Wamama, hebu tueleze jambo hili kama tunavyolielewa sasa, kwa sababu siku ile hatukulielewa hata kidogo. Gari ni zito, na magurudumu ya mbele yanabeba injini. Kuyageuza kwa mikono mitupu ni kazi. Ndiyo maana magari ya siku hizi yana msaidizi, ambaye mafundi wanamwita direksio asiste. Ni kama jirani anayekushika mkono unapopandisha mfuko wa muhogo kichwani: wewe unaonyesha njia, yeye anatia nguvu. Katika gari letu jirani huyo ni pompi ndogo inayozungushwa na kuruwa ya injini. Pompi inasukuma uile ndani ya tiyo, na uile ndiyo inayosukuma magurudumu yageuke. Uile ikipungua, pompi inavuta hewa, na hewa haina nguvu. Pompi inaanza kulia. Ile sauti ya ndama ilikuwa pompi ikilia kiu.

Jirani akiondoka, mfuko haujaanguka. Volani bado imeshikamana na magurudumu kwa vyuma, na gari bado linageuka. Lakini mzigo wote unabaki juu ya mikono yako. Na uzito huo unazidi pale ambapo gari linakwenda polepole na kona ni kali. Kwa maneno mengine, unazidi mahali kama Ngomo, na Ngomo ilikuwa mbele yetu.

Shauri tatu za kando ya njia

Gari la wanawake likisimama, watu hawakawii kufika. Shauri la kwanza lilitoka kwa mwanaume mmoja mwenye kifua kipana. “Mwanamuke mikono yake inachoka. Munipatie mimi, nitawashusha Ngomo. Niko na nguvu.” Wengine wakamwunga mkono. Hata ndani ya gari kulikuwa na waliomtazama kwa tumaini.

Shauri la pili lilitoka kwa kijana aliyekuwa na meza ya vitu vidogo: sigara, betri za tochi, na chupa chache za uile. Mama Shofere alikuwa amefungua kapo, na mkebe mdogo wa uile ya direksio ulikuwa karibu mtupu. Kijana akaleta chupa. “Tieni hii, Mama. Uile ni uile.” Mama Shofere akasoma. Ilikuwa uile ya freni.

Shauri la tatu, tunaona haya kulisema, lilitoka kwetu, sisi tunaoshika kalamu hii. Tulisema: “Twende tu polepole. Uvira wanatungoja, chakula kimepikwa, na tukilala hapa tutakula pesa za samaki.” Tumesoma ISP, tunafundisha watoto kufikiri kabla ya kujibu, na siku ile tulijibu kabla ya kufikiri.

Mama Shofere akafunga kapo polepole. Hakupandisha sauti. Alisema hivi: “Huyu papa ana nguvu, lakini hajui gari hii. Hii chupa ni ya freni, na fundi aliyenifundisha alisema inakula mipira ya direksio, kesho tutanunua pompi nzima. Na wewe Mwalimu, nikukatalie kwa heshima. Mimi ndiye niko na volani. Siendi Ngomo na gari hii, hata mukiniita mwoga.”

Kukawa kimya. Kisha Mama mkubwa, yule aliyekuwa na haraka kuliko sote, akashuka na mkoba wake. Akakaa kwenye jiwe kivulini. “Mujukuu yangu amezaliwa tayari,” akasema. “Hatarudi ndani. Ataningojea kesho.”

Tukashuka wote.

Somo la garaji

Muuza ndizi, ambaye kibanda chake tulikaribia kukivunja, ndiye aliyetuonyesha njia ya fundi. Papa mekanisye ni mzee mfupi, garaji yake ni mti wa parachichi na gunia lililotandikwa chini. Hakugusa volani kwanza. Aliuliza: “Ilianza kulia wapi? Inalia ukikata, ao wakati wote? Jana mulipoegesha, chini kulikuwa nini?”

Hapo Mama Kesiye akashika mdomo. Jioni ya siku iliyotangulia aliona doa jekundu chini ya gari, kwenye parsele. Akafikiri ni mafuta ya mawese yaliyomwagika, akalimwagia majivu.

Mzee akalala chini ya gari, akatoka na vidole vyekundu. Akatuita wote tuangalie, mmoja baada ya mwingine. Tiyo mbili zinatoka kwenye pompi na mkebe wake. Moja ni ngumu, yenye viungo vya chuma: hiyo inabeba uile kwa presha kubwa. “Hii ikipasuka, hakuna kufunga na mpira wa baskeli,” alisema. “Ni kununua nyingine tu. Anayekufungia hii na waya ni adui yako.” Nyingine ni ya mpira wa kawaida, inayorudisha uile kwenye mkebe bila presha kubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa imezeeka. Mwisho wake ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi, na kolie inayoushika ilikuwa imelegea. Juu ya tiyo kulikuwa na gundi nyeusi.

Mtu alijua. Mtu alipaka gundi, akajaza uile, akaosha injini ing'ae, kisha akatuambia gari halina ugonjwa. Tulihisi baridi tumboni. Miaka mitatu ya dola moja moja ilipita mbele ya macho yetu.

Mzee hakutuachia muda wa kulia. Tiyo ilikuwa na urefu wa kutosha, basi akakata mwisho ule mbovu, akasafisha, akarudisha, akaikaza kwa kolie mpya mbili. Akakagua kuruwa: ilikuwa nzima, lakini alituonyesha namna ya kutazama nyufa. Kisha akamtuma mtoto wake kwa pikipiki kutafuta uile nyekundu iliyoandikwa kwenye kifuniko cha mkebe. Alirudi baada ya saa mbili na nusu.

Kutia uile si kumimina na kwenda. Mzee aliinua magurudumu ya mbele, akajaza mpaka alama, kisha injini ikiwa imezimwa akamwambia Mama Shofere azungushe volani kushoto mpaka mwisho, kuume mpaka mwisho, taratibu, mara nyingi. Mapovu yakapanda kwenye mkebe. Akaongeza uile. Wakawasha injini, wakarudia. Sauti ya ndama ikalia kidogo, ikakatika, ikapotea. “Sasa hewa imetoka,” akasema. “Lakini hamuendi leo. Gari ilale hapa, asubuhi tuangalie chini.”

Tulilala kwa yule muuza ndizi na dada yake, wamama saba kwenye mikeka, mtoto katikati. Walitupikia sombe na bugali, wakakataa pesa zetu. Tuliwaachia mfuko mmoja wa maharage na sabuni. Usiku ule baadhi yetu waliongea mpaka jogoo wa kwanza: je, tukirudi tuwaambie wenzetu, ao tunyamaze? Wengine waliogopa kwamba wamama wakisikia, hawatatoa tena hata franga. Tuliahirisha jibu.

Asubuhi, chini ya gari palikuwa pakavu. Mzee akapapasa tiyo, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Kazi, kolie na uile: dola 23. Tukamwomba karatasi, akaandika kwa mkono wake, akatia sahihi.

Kushuka Ngomo

Sasa tuwapeleke Ngomo, kwa ajili ya wale ambao hawajapita huko.

Baada ya Nyangezi balabala inafika ukingoni mwa milima, kisha ni kama ardhi inakwisha. Njia imechongwa kwenye ubavu wa mlima: upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili utupu. Inashuka kwa kujikunja kama uzi uliotoka kwenye sindano. Malori yanapanda yakipumua moshi, na yakikutana mawili lazima moja lirudi nyuma mpaka mahali penye upana. Kabla ya kila kona shofere anapiga honi, anasikiliza, anapiga tena. Kila familia ya Bukavu ina jina moja angalau la mtu aliyebaki katika mabonde yale. Hatukuimba.

Mama Shofere alishuka kwa vitesi vya chini, injini ikishika gari, na freni akizigusa tu. Alitueleza jambo ambalo sote tumeona maminibisi yakifanya: mashofere wengine huzima injini kwenye mteremko ili waokoe mafuta. “Ukizima injini, pompi inasimama, volani inakuwa nzito. Na freni zinapoteza msaada wao vilevile. Unaokoa lita moja, unapoteza watu.” Mama aliyekaa kushoto alikuwa macho yake: “Lori linakuja. Ngoja. Sasa, pita.” Kwenye kona moja iliyojikunja kabisa, tulimwona akigeuza volani kwa mkono mmoja, kwa wepesi, kama anayegeuza bugali ambayo bado ni uji. Tulitazamana. Kila mmoja alikuwa anafikiria kona hiyo hiyo, jana, na volani ya jana, na yule papa mwenye kifua kipana.

Kadiri tunavyoshuka, masikio yanaziba, sweta zinavuliwa. Darasani tunawafundisha watoto kwamba ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, na Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Ubaoni ni hesabu ya kutoa tu. Ngomo ndiyo hesabu yenyewe, mwilini. Mto Ruzizi unaishuka vilevile: maji tunayofulia nguo Bukavu yanatoka ziwani, yanapita kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi ya kwanza na ya pili, yanakwenda mpaka Tanganyika. Maji yetu yanafika Uvira bila kuomba karatasi.

Tambarare

Kamanyola ni joto na kelele. Hapo inchi tatu zinakaribiana: Kongo, Rwanda na Burundi. Tulisimama, tukafungua kapo, tukaangalia mkebe. Uile ilikuwa kwenye alama. Mama mkubwa mwenyewe aliinama kutazama, miwani mkononi, akasema: “Iko pale pale.” Miaka yake yote hajawahi kutazama injini.

Baada ya hapo tambarare ya Ruzizi inafunguka: Luvungi, kisha Sange, mashamba ya mpunga na muhogo, ng'ombe wenye pembe ndefu, milima ya Itombwe ikisimama kuume kama ukuta wa samawati. Njia inanyooka, na gari likawa kimya.

Tulipofika Sange tulipunguza mwendo. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka wa 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo wamama na watoto. Tulinyamaza, tukaendelea. Wamama, tuwafundishe watoto wetu jambo hili kama tunavyowafundisha kunawa mikono: gari la mafuta likianguka, tunakimbia mbali nalo, hatukimbilii kwalo.

Baadaye ni Kiliba, ambako wazee bado wanasimulia kiwanda cha sukari na jinsi mshahara ulivyokuwa unafika. Kisha harufu ya ziwa, na Uvira, imebanwa kati ya mlima na maji. Tulivuka mto Mulongwe, ule uliofurika mwezi wa nne 2020 ukabomoa nyumba nyingi. Ng'ambo ya ziwa Bujumbura inaonekana.

Dada zetu walikuwa wamengoja siku mbili. Chakula cha jana walikuwa wamekila, wakapika kingine. Mama mkubwa alipewa mtoto mikononi, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia, si sisi: “Nimechelewa juu ya tiyo.” Nyumba nzima ikacheka.

Kurudi na kutoa hesabu

Tulirudi siku ya nne, tumejaa ndagala. Faida ya samaki haikuwa kubwa kama tulivyotumaini, kwa sababu tuliingia sokoni tumechelewa siku moja. Lakini tuliilipa tiyo na bado kilibaki kitu.

Tulikwenda kwa muuzaji, wamama watatu, na karatasi ya mzee wa Nyangezi. Alisoma, akacheka. “Gari ikishatoka hapa, imetoka.” Hatukumtukana. Hatuna karatasi ya garanti, na hatukuleta fundi siku ya kununua. Hilo tunalibeba.

Kisha mkutano wa Jumamosi. Tuliwaeleza wote waliokuwepo: doa jekundu, gundi nyeusi, shauri letu la kijinga, dola 23. Tuliogopa. Mama mmoja wa nyuma, anayeuza makala, akasimama akauliza: “Kwa hiyo gari iko muzima?” Tukasema ndiyo. “Na Mama Shofere alikataa kwenda?” Ndiyo. Akafungua kitambaa, akatoa dola yake ya juma. “Hii ni ya kununua ile tiyo mpya kabisa.” Wengine wakafuata. Tiyo mpya imefungwa juma lililopita.

Kabla hamjanunua, kabla hamjaondoka

Tunaacha hapa yale tuliyolipia, ninyi myapate bure:

1. Kabla ya kutoa pesa, leteni fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Gari liendeshwe angalau nusu saa, likate kona nyingi likiwa polepole, na mkebe wa uile uangaliwe mbele na nyuma ya jaribio hilo. Injini iliyooshwa sana iwape maswali.

2. Kila asubuhi tazameni chini ya gari. Doa si la kumwagia majivu. Wekeni karatasi au katoni chini yake, muone rangi na mahali linapotoka. Uile ikidondoka juu ya chuma chenye moto inaweza hata kuwasha gari.

3. Pompi ikilia kwenye kona, msingoje volani iwe nzito. Simameni, angalieni uile. Kuendesha mkebe ukiwa mtupu kunaua pompi.

4. Tieni uile iliyoandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Uile ya freni isiingie kwenye direksio, na uile ya direksio isiingie kwenye freni. Hiyo ya pili inaweza kuwaondolea freni kabisa.

5. Msikunje volani mpaka mwisho na kuishikilia hapo. Sekunde chache zinatosha.

6. Msizime injini kwenye mteremko, hata shofere akiwaapia kwamba anafanya hivyo kila siku. Ninyi ndio mliolipa nauli: mwambieni.

7. Magari mengi ya miaka hii hayana uile ya direksio. Yana mota ya umeme. Hayo hayalii, yanawasha taa yenye picha ya volani. Batri dhaifu peke yake inaweza kuleta taa hiyo. Ikiwaka, volani inaweza kuwa nzito ghafla: punguzeni mwendo, shikeni kwa mikono miwili, simameni mahali salama.

8. Ikiwa shofere wenu anasema “siendi,” mshukieni. Msimbishie.

Hiyo ya nane haikutoka kwa fundi. Ilitoka kwetu.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, Mama Shofere atafungua kapo kwenye parsele ya shirika. Kila mama atapita, atashika mkebe, atataja jina la kila tiyo. Njooni na watoto wakubwa pia, wavulana kwa wasichana. Na anayetaka kwenda Uvira katika safari ijayo aandikishe jina kwa Mama Kesiye mapema: viti ni vichache, na Mama mkubwa ameisha chukua kimoja.